Ini Nililolipangia Jumatatu

Kosa langu la mwanzo kabisa lilikuwa kulipangia ini siku ya Jumatatu. Figo nilizipa Jumanne, utumbo Jumatano, bandama Alhamisi, na Ijumaa nikaiachia kongosho, ambayo hadi leo siwezi kukuonyesha kwa kidole bila kusitasita. Ratiba hiyo niliiandika kwenye kadi ya manila, kwa rula na wino wa rangi mbili, nikaitundika ukutani Bagara, mtaa wa mjini Babati, katika chumba kilichokuwa stoo ya mbaazi. Kisha nikawaita watu wazima, wenye watoto na vyeo, walale sakafuni niwasogezee viungo vyao vya ndani.

Nimestaafu kazi hiyo nikiwa na miaka thelathini na moja. Msicheke. Wengine hustaafu na saa ya ukutani ya zawadi; mimi nimestaafu na mikeka tisa na kitabu kisicho na jalada. Naandika kwa sababu mwezi huu vijana watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wamekuja kuniomba hicho kitabu. Wote wamenyoosha migongo kama nilivyokuwa nikiunyoosha wangu. Wote wanaongea polepole, kama watu waliokwisha kujua jambo ambalo sisi wengine bado. Kitabu nitawapa. Lakini someni hili kwanza.

Yoga sikufundishwa na mtu. Kitabu kiliachwa na mgeni mmoja wa kujitolea aliyepanga chumba kwetu. Kilikuwa cha Kiingereza, kimejaa picha za mtu mwembamba ambaye ni wazi hajawahi kubeba debe la maji. Nilikisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa siku mbili.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, niliseme mapema. Shuleni nilikuwa narudia kuandika ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja iliyolegea. Na wasiwasi wangu haukai kichwani, unakaa tumboni. Mtihani ukikaribia, tumbo lilifunga siku nne, au likafunguka mara nne kwa saa. Kitabu kikaniambia: lala chali, weka kiganja juu ya kitovu, vuta pumzi mpaka kiganja kiinuke, halafu itoe taratibu kuliko ulivyoivuta. Nilifanya hivyo asubuhi na jioni. Baada ya wiki kadhaa tumbo langu likaanza kwenda kama la watu wengine. Hilo ni kweli na sitalikana, hata mnicheke.

Ubaya ni kwamba mtu aliyepona kidogo huwa na kiherehere kikubwa.

Wakati huo Mkoa wa Manyara ulikuwa bado unanukia rangi. Kila ofisi iliyofunguliwa Babati ilikuja na viti, na kila kiti kilikuja na mtu wa mkoa mwingine wa kukikalia. Walikaa asubuhi, wakala chipsi mayai mezani, wakakaa tena mpaka jioni. Haukupita muda mrefu, migongo ikawa inauma na matumbo yamegoma. Mwingine angeona biashara. Mimi niliona wito, jambo ambalo ni baya zaidi, maana mfanyabiashara anaweza kukiri kwamba bidhaa yake ni mbovu.

Nadharia yangu ilikuwa hii. Nilikumbuka ile picha ya mwili wa binadamu iliyokuwa ukutani shuleni: ini la kahawia, figo kama maharage mawili, utumbo umejikunja kwa adabu. Nikaamini kuwa afya ni kila kiungo kutulia mahali pake kama vyombo kabatini, na kwamba yoga ni kupanga kabati. Mtu akija na maumivu, basi kuna sahani imehama.

Wa kwanza kujiandikisha alikuwa Baba Glory, afisa kutoka Moshi, mwenye tumbo lililomtangulia kuingia mlangoni. Jumatatu moja jioni, akiwa amejipinda kama nguo inayokamuliwa, akaniita.

"Dogo, leo ni nini?"

"Ini, mzee."

"Hili ini langu umelijuaje kwamba haliko mahali pake?"

"Kwa jinsi unavyokaa."

"Na nikijipinda hivi linakwenda wapi?"

"Linarudi kwenye nafasi yake."

"Likifika, litanijulisha?"

Darasa zima likacheka. Nikawaambia kicheko kinavuruga kongosho. Nilisema hivyo mbele za watu, nikiwa sijalewa.

Aliyekuwa akisikiliza dirishani ni Mzee Bura. Mzee huyu ni Mmbulu, mchinja mbuzi kwa miaka mingi. Alikuwa anachinjia kijijini Mutuka na kuleta nyama kwenye bucha yake, mlango wa pili kutoka kwangu. Darasa lilipotoka akaingia, akasimama mbele ya manila yangu mikono nyuma, akaisoma yote kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Kijana, ini umeshawahi kuliona?"

"Kwenye picha, mzee."

"Kwenye picha linatembea?"

"Hapana."

"Basi hujaliona. Njoo Mutuka Jumamosi."

Nilikwenda na daftari jipya. Alimpasua mbuzi tumboni akaacha kifua kizima, kisha akaniambia nitie mkono. Nilitia. Kulikuwa na joto kama ndani ya sufuria ya uji. Akasema sukuma, nikasukuma, na utumbo ukanitoroka vidoleni kama sabuni iliyolowa. Nikashika ini, nalo likateleza. Hakuna kilichokuwa kimetulia kama kwenye picha yangu. Mzee Bura akainua utando mwembamba, unaong'aa, ulioshika utumbo mpaka mgongoni.

"Hii ndiyo kamba yake. Utumbo umefungwa kama mbuzi malishoni. Anazunguka anavyotaka, lakini kamba anayo."

Halafu akafanya jambo ambalo sijalikuta katika kitabu chochote. Akashika bomba la pumzi pale shingoni lilipokatwa, akapuliza kwa mdomo. Mapafu yakajaa, kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kikashuka, na ini lote likashuka nacho, mbele ya macho yangu. Alipoacha, likapanda. Akapuliza tena, likashuka tena.

"Umeona? Kila pumzi, ini linashuka na kupanda. Figo nazo hivyohivyo. Hata akilala. Hata siku ambayo hujaiandika kwenye kadi."

Nikaandika.

"Nimepasua mbuzi tangu sijaoa," akaendelea, akifuta kisu. "Wawili waliofanana ndani sijawaona. Nimeona wenye bandama kubwa, wenye ini limekaa upande, na walikuwa wazima, wanaruka ukuta. Ila kuna wale ninaowakuta utumbo umegandana na ukuta wa tumbo, hauendi mbele wala nyuma. Hao ndio walikuwa wagonjwa. Kizima kinateleza. Kinachokwama ndicho kinachooza."

Kabla sijaondoka akanionyesha beberu aliyechinjwa asubuhi hiyo. Ubavuni kwenye ukuta wa nyama kulikuwa na tundu la kupitisha vidole viwili. Alipigwa pembe zamani, ngozi ikapona, nyama ya chini haikupona. Alipokuwa hai, akikohoa, utumbo ulitokeza chini ya ngozi kama yai, akilala, unarudi.

"Siku ukitoka ukakataa kurudi, mnyama amekwisha. Sasa wewe unayekunja watu, uliza kwanza nani ana tundu."

Niliandika: ULIZA KWANZA NANI ANA TUNDU. Nikapigia mistari miwili kwa rula. Mwandiko ulikuwa mzuri sana, mpaka leo daftari ninalo. Kisha nikarudi Bagara, nikanunua manila nyingine, na rangi ya tatu.

Ndugu zangu, shikeni hapo. Mtu mwenye wasiwasi akipewa onyo hulipamba. Akishalipamba anaona ameshalitii.

Mama Fausta alikuja baada ya hapo. Alikuwa mkulima wa Nangara, familia yao ilishuka kutoka nyanda za Mbulu, mama wa watoto watano, mwenye mgongo uliochoshwa na jembe. Alivaa suruali ya michezo ya mwanawe, juu yake gauni, na juu ya gauni kanga iliyofungwa tumboni kwa nguvu kama mzigo wa kuni. Nyote mnaijua desturi: mwanamke akijifungua, mama yake au mkwe wake humfunga kanga tumbo lirudi. Wengi hufungua baada ya wiki chache. Mama Fausta hakufungua. Kitinda mimba wake alikuwa darasa la nne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu wa matumbo?"

"Ndiyo, mama."

"Langu limehama tangu uzazi wa mwisho. Linarudi?"

Hapa ndipo pa kuuliza. Daftari lilikuwa mezani, mistari miwili ya rula. Lakini ungekuwa wewe, kijana wa kiume, umekwisha kumwamkia mama wa umri wa mama yako, halafu umwambie fungua kanga nijue kuna nini? Nilitazama dirisha, nikaliuliza dirisha:

"Kuna mahali panakusumbua?"

"Ni tumbo tu, mwanangu."

Uchunguzi wangu wa kitaalamu ukaishia hapo. Nikamjibu: "Linarudi." Mwezi mmoja tu kabla ya hapo nilikuwa nimeonyeshwa kwa macho kwamba hakuna cha kurudi kokote, kwamba vyote vinatembea. Lakini "linarudi" lilikuwa jibu safi, na mimi nilipenda majibu safi.

Alilipendezesha darasa. Pumzi za chini zilimfaa. Alisema analala vizuri na mgongo umelegea. Na Baba Glory alipata saizi yake.

"Baba Glory, hilo lako la miezi mingapi?"

"La miaka kumi na minne, mama, na bado siku zake hazijatimia."

"Mtoto huyo atazaliwa na ndevu."

Nilikuwa nawakataza, kwa ajili ya kongosho.

Jumatano ikafika, zamu ya utumbo. Zoezi lenyewe: lala chali, nyoosha miguu, inua yote miwili, ishikilie mpaka nihesabu arobaini. Arobaini ilitoka wapi? Kitabu hakikusema. Mimi nilipenda tu namba zinazoishia kwa sifuri. Na nilikuwa na sheria: atakayeshusha kabla ya arobaini anaanza upya. Jiulizeni tumbo linafanya nini hapo. Misuli inakaza, pumzi imefungwa, ndani kunabanwa pande zote, na kila kinachoweza kuteleza kinatafuta pa kutokea.

Mama Fausta alishusha miguu kwenye thelathini na moja.

"Anza upya, mama," nikasema.

Akaanza upya. Kwenye ishirini na sita akageuka ubavu, akashika kanga kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani:

"Kimetoka."

"Nini, mama?"

"Huwa kinatoka na kurudi. Leo kimekataa."

Uso wake ulikuwa umeanza kuwa wa majivu. Beberu wa Mutuka akanijia mbele ya macho, mzimamzima. Na mnajua nilifanya nini? Nilikwenda kuchukua kitabu. Nilikuwa napekua kurasa nikitafuta mkao wa kurudisha, ndipo Baba Glory, ambaye nilidhani hawezi kuinuka bila kusaidiwa, akainuka mwenyewe akanguruma:

"Weka hicho kitabu chini, dogo! Shika upande ule!"

Tukambeba mpaka kwenye pikapu yake.

Hospitali daktari alikuwa dada kijana asiyecheka. Alifungua ile kanga kwa sekunde tatu, jambo ambalo mimi lilinishinda kwa wiki nzima. Juu kidogo ya kitovu kulikuwa na uvimbe kama ngumi ya mtoto, mgumu.

"Umekaza hivi tangu lini?"

Mama Fausta akanitupia jicho mara moja tu.

"Jana jioni. Nilikuwa nanyanyua gunia la mahindi."

Alikuwa ananificha. Mama niliyemwambia aanze upya alikuwa amelala na maumivu yale, na bado alikuwa na nafasi moyoni ya kunifichia aibu yangu. Nami, Mungu anisamehe, kwanza nilisikia nafuu.

Daktari akamgeukia muuguzi. "Basi siusukumi. Utumbo uliobanwa tangu jana unaweza kuwa umeshakufa. Nikiurudisha ndani nimerudisha sumu. Mwandaeni apasuliwe sasa hivi."

Nafuu yangu ikaisha pale pale. Nikinyamaza, nabaki Mwalimu, na yeye anapasuliwa kwa haraka kwa sababu ya gunia ambalo halikuwepo.

"Daktari, si jana," nikasema. "Ni leo. Haijafika hata saa moja. Ni mimi niliyemfanyisha."

"Ulimfanyisha nini?"

"Kuinua miguu kwa hesabu ya arobaini. Mara mbili."

"Wewe nani?"

"Mwalimu wa yoga."

"Umesomea wapi?"

"Kitabuni."

Alinitazama kama mtu anavyotazama maziwa yaliyoganda. Kisha akamwinamia mgonjwa. "Mama, ni kweli?"

"Ni kweli," Mama Fausta akasema. "Usimfokee. Ana tumbo la woga huyo."

Nikatolewa nje ya pazia. Wakamlaza kichwa chini, miguu juu, wakampa dawa ya maumivu, wakasubiri misuli ilegee. Nilisikia daktari akimwambia apumue polepole, kutoka chini, aitoe taratibu kuliko anavyoivuta. Maneno yaleyale ya kitabu changu, ila sasa yalikuwa mdomoni mwa mtu aliyejua kuna nini chini ya kiganja chake. Muda ukapita. Halafu ukasikika mlio mdogo wa maji, kama kibuyu kikigeuzwa.

"Umeingia," daktari akasema.

Hakumruhusu kurudi nyumbani. Alisema tundu lipo palepale na litambana tena, ni la kushonwa. Alishonwa wiki hiyohiyo, bila haraka, akapona.

Mumewe alifika jioni ile kwa baiskeli kabla giza halijaingia. Alivua kofia, akaja moja kwa moja kwangu.

"Wewe ndiye uliyemwambia litarudi?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Limerudi?"

"Daktari amelirudisha."

"Ahaa. Kumbe linarudi." Akavaa kofia yake akaenda kukaa kwa mkewe. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa msamaha au tusi. Nilivipokea vyote viwili.

Mzee Bura alikuja wodini na chupa ya supu. Alinikuta nimekaa mlangoni.

"Ile ya tundu, uliiandika?"

"Niliiandika, mzee."

"Kwa mwandiko mzuri?"

"Mzuri sana."

"Beberu wangu hakuniandikia kitu," akasema. "Nilimpapasa tu."

Na Mama Fausta, alipoweza kukaa, aliniuliza swali lake bila hasira. "Mbona hukuniuliza, mwanangu?"

"Niliona aibu, mama."

"Na mimi niliona aibu kukwambia. Miaka yote hii nimekibana na kanga, hata baba yao hajui vizuri." Akapangusa mdomo. "Aibu yako na yangu zilishikana mikono, zikataka kunizika."

Sasa ninyi mnaotaka kitabu, haya ndiyo ninayoyajua, na ni machache. Viungo vya ndani havihitaji mwalimu wa kuvisogeza. Ini na figo vinapanda na kushuka kwa kila pumzi. Utumbo una mwendo wake, unajikaza na kujilegeza kama mnyoo, mchana kutwa, iwe una cheti au huna. Anayekaa kitini tangu asubuhi, kajikunja, anapumua kwa juu juu kama mwizi, huyo amevifinya. Ukimfundisha kupumua chini, kujinyoosha, kujipinda bila nguvu, kutembea baada ya kula, unavipa nafasi na kumtuliza mwenyewe, na mara nyingi tumbo linaanza kufanya kazi. Basi. Humrudishii mtu ini. Humfungii tundu kwa mazoezi. Tundu ni la daktari. Na mjamzito, mwenye kidonda cha upasuaji, mwenye presha, mwenye uvimbe unaotoka na kuingia, hao usiwafungie pumzi wala kuwakaza tumbo kwa sababu tu namba yako inaishia kwa sifuri. Aliyetoka kula naye mwache, chakula chake kina safari yake.

Baba Glory bado ana tumbo lake. Ila choo anapata kila siku, na hutangaza hata pasipohitajika.

Darasa bado lipo, kila Jumamosi, katika stoo ileile ya mbaazi. Manila niliichana. Anayefundisha ni Mama Fausta, na hahesabu. Mlangoni tumetundika kanga kama pazia. Nyuma yake yeye hukaa na kila mwanamke mgeni, humwonyesha kovu lake kwanza, ndipo humwambia afunue tumbo lake. Wanaume huulizwa na Baba Glory upande wa pili, kwa sauti kubwa mno. Mimi natandika mikeka, nafungua madirisha, kisha natoka nje na kukaa. Zamani nilikuwa naanza saa ikifika. Siku hizi hatuanzi mpaka kila mtu awe ameulizwa.